Namba 3 kati ya 5 si "katikati tu": jibu kwa mama wa Himbi

Mama mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma, ameniandikia hivi: "Mtoto wangu wa pili yuko Grenoble, Ufaransa, anasoma mwaka wa kwanza wa masters. Wenzake wa darasani wanataka kumpeleka mlimani kwenye theluji. Hawaendi kule kwenye mitambo ya kuvuta watu; wanaenda porini, wanapanda kwa nguvu zao wakiwa na skii miguuni. Nimesikia theluji inaporomoka na kufukia watu. Nilipomwuliza alinijibu: 'Mama, huku serikali inatoa namba kila siku, na siku hizi ni 3 kati ya 5, yaani katikati tu.' Nimkataze? Halafu, ni theluji ileile tunayoiona asubuhi nyingine juu ya Karisimbi?"

Jambo Mama.

Usimkataze. Kijana wa umri huo ukimkataza kwa simu atakwenda hivyohivyo, tofauti ni kwamba hatakuambia. Ila hiyo "katikati tu" ing'oe kichwani mwake kabla hajafunga viatu. Uswisi wameweka hesabu za vifo hivi vizuri kwa miaka mingi, na hesabu zao zinaonyesha kwamba karibu nusu ya wanaouawa na maporomoko ya theluji hufa siku ambazo namba iliyotangazwa ilikuwa 3. Namba hiyo hutangazwa takriban siku tatu kati ya kila kumi za msimu. Siku za 5 karibu hakuna anayetoka: mitambo imefungwa, barabara zimefungwa, hata mtalii mkaidi anabaki hotelini akinywa chai. Siku za 3 jua linawaka, theluji mpya inang'aa, na kila mtu anajiambia maneno yaleyale ya mwanao.

Karisimbi nikujibu haraka. Mlima ule una mita 4,507, na kile cheupe unachokiona asubuhi ni mvua ya mawe au theluji nyepesi iliyoanguka usiku. Jua likipanda inayeyuka. Haikai ikarundikana. Ruwenzori, upande wa Mutwanga, ndiko kwenye barafu ya kudumu, kilele cha Margherita kikiwa mita 5,109, na hata barafu hiyo imesinyaa sana tangu Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipofika kileleni mwaka 1906. Wanaopanda huko wanaogopa zaidi nyufa za barafu, kuteleza, baridi, na ugonjwa wa mwinuko. Shida ya Grenoble ni ya namna nyingine: theluji iliyoanguka Desemba inaweza kuwa bado ipo chini ya miguu yako mwezi Machi, ikiwa imebeba mgongoni yote iliyoanguka baada yake. Mambo yote ninayokueleza hapa chini yanatokana na hilo.

Sisi watu wa Goma tumelelewa na aina moja ya hatari ya mlima. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilishuka ikapita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ilishuka tena, na safari hiyo rangi ya tahadhari haikuwa imepandishwa. Ndugu zetu wa Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mwezi Mei 2023 walifuatwa na maji na matope kwenye nyumba zao, zaidi ya watu 400 wakafa. Katika mambo haya yote hatari ndiyo inayomfuata mtu. Zile rangi tunazozijua, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, zinaeleza hali ya Nyiragongo, na Nyiragongo haijali kama leo asubuhi umekanyaga Majengo au Birere. Kijana aliyekulia hapa akiona namba ya theluji anaisoma kwa macho hayohayo: mlima uko hivi, basi tuombe Mungu utulie.

Theluji haiko hivyo. Kwa watu wanaotembea milimani, katika ajali za kuua, takriban mara tisa kati ya kumi poromoko lilianzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mwenzake wa kundi lilelile. Mlima ulikuwa umetulia hadi walipoukanyaga pale walipoukanyaga. Habari hiyo ni mbaya, lakini nairudia kwa kila kijana anayenisikiliza kwa sababu ina upande mzuri: mtu anayeanzisha jambo mwenyewe anaweza pia kuamua kutolianzisha.

Zipo zinazowafuata watu majumbani, nisikufiche. Tarehe 10 Februari 1970, huko Val d'Isère, theluji iliingia asubuhi kwenye jengo la vijana waliokuwa likizo ikaua watu 39. Mwaka uliofuata ndipo ilipoanzishwa ANENA, chama cha kitaifa cha utafiti wa theluji na maporomoko, na makao yake yako hukohuko Grenoble aliko mwanao. Februari 1999 ilikuwa zamu ya kijiji cha Montroc, karibu na Chamonix, watu 12; wiki mbili baadaye Galtür, Austria, watu 31. Lakini vijiji vya Alps leo vimechorewa ramani za hatari, vimejengewa kuta, na barabara hufungwa mapema. Ufaransa hupoteza watu wapatao 30 kila majira ya baridi kwa maporomoko ya theluji, na wengi mno kati yao walikwenda wenyewe, kwa hiari, kwa kujifurahisha, nje ya njia zilizofunguliwa. Kwenye njia zilizowekewa alama na kufunguliwa, wafanyakazi wa kituo wameshaiporomosha theluji kwa baruti alfajiri kabla ya wateja. Anakotaka kwenda mwanao hakuna aliyefanya kazi hiyo.

Sasa nieleze inavyovunjika, maana asiyelielewa hili atayaona masharti yote yaliyobaki kuwa ni woga wa wazee.

Theluji huanguka kwa awamu. Inaanguka leo, kesho anga linafunguka, usiku unakuwa wa baridi kali, na juu ya uso wa theluji unaota umande ulioganda, fuwele nyembamba zilizosimama wima, nzuri ajabu zikipigwa na jua la asubuhi. Siku nne baadaye dhoruba nyingine inakuja na kuzifunika kwa sentimita 40. Fuwele zile hazijaondoka. Zimesimama hukohuko chini, zimebeba mzigo, na hazijashikana vizuri na kilicho juu wala kilicho chini. Hilo ndilo tabaka dhaifu, na linaweza kuwa na unene wa sentimita moja tu.

Linaweza pia kuzaliwa kwa njia nyingine, bila umande. Mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa bado chache na baridi ikiwa kali, ardhi chini inabaki karibu na sifuri wakati uso wa juu umeshuka digrii 15 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya joto ndani ya unene mdogo inasukuma mvuke kutoka chini kwenda juu, na mvuke huo unazigeuza punje za theluji zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari. Theluji ikiwa chache, kazi hiyo inakwenda haraka zaidi. Ndiyo maana mwaka wenye theluji haba unaweza kuua kuliko mwaka ulioshiba theluji. Wageni huwa hawaamini, wanaona milima imejaa mawe wanasema mwaka huu hakuna hatari.

Kisha unakuja upepo. Unaichukua theluji upande unaopigwa na kuimwaga upande wa pili wa kigongo, na njiani unazivunjavunja fuwele hadi zinatua zimeshindiliwa. Hapo unapata bamba: tabaka la theluji lililoshikana lenyewe kwa lenyewe, limelala juu ya tabaka lisiloshikana na chochote. Wala si lazima theluji mpya ianguke. Siku ya anga la bluu yenye upepo wa maana inatosha kabisa kutengeneza bamba lililokuwa halipo jana. Na bamba si lazima liwe gumu. Linaweza kuwa laini kiasi kwamba skii inazama ndani yake kwa raha zote.

Mtu wa kilo 75 anakuja juu ya vitu hivyo. Uzito wake unashuka hadi kwenye tabaka dhaifu, fuwele zinavunjika chini yake, na ufa unakimbia chini ya theluji kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Bamba linakatika, mara nyingi juu yake, yeye akiwa katikati. Chukua eneo la mita 50 kwa 50, unene wa nusu mita, theluji ya kilo 200 kwa mita ya ujazo: hizo ni tani 250 zilizoanza kutembea kwa sababu mtu mmoja alikata kona. Hakuna haja ya kufikiria mlima mzima unashuka. Maporomoko mengi yanayoua watu wa skii ni ya ukubwa wa kawaida tu, ambayo ukiyatazama kwa mbali huyapi maana.

Bamba pia halina nguvu sawa kila mahali. Linavunjika kwa urahisi pale lilipo jembamba, pembezoni, au karibu na miamba inayochomoza. Watu watano wanaweza kupita salama na wa sita, aliyepotoka mita tatu kutoka njia yao, akalivunja. Kwa hiyo mwanao akikuambia "kulikuwa na nyayo za watu waliotutangulia," mwambie nyayo zinaonyesha tu kwamba watu walipita.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwetu halijui kwa kuzaliwa. Hapa tuko chini kidogo tu ya Ikweta, jua linapita juu ya vichwa, upande wa kaskazini wa kilima na wa kusini havitofautiani sana. Grenoble iko digrii 45 kaskazini. Mwezi Januari jua linapita chinichini upande wa kusini, na mteremko unaotazama kaskazini unaweza kukaa wiki nyingi bila kuguswa nalo. Huko kivulini baridi haitoki, tabaka dhaifu halipati nafasi ya kushikana, na ndiko theluji nzuri ya unga inakodumu. Theluji wanayoitafuta na hatari wanayoikimbia zinakaa nyumba moja. Mteremko wa kusini nao una mambo yake: unapashwa joto mchana, theluji inalowa, na ifikapo majira ya kuchipua inaanza kushuka yenyewe alasiri. Huko wanaojua huanza safari usiku na kurudi kabla ya adhuhuri.

Turudi kwenye namba. Taarifa hiyo Ufaransa inatolewa na Météo-France, inaitwa BERA, na hutoka kila siku ya msimu saa kumi jioni kwa ajili ya kesho yake, kila safu ya milima na taarifa yake: Chartreuse, Vercors, Belledonne, Oisans na kadhalika. Ngazi tano zimekuwa za pamoja kwa Ulaya tangu 1993. Hazipandi kwa hatua sawa kama alama za mtihani. Kutoka 2 kwenda 3 hatari inaruka. Ngazi ya 2 inasema kuvunjika kunawezekana hasa kwa mzigo mkubwa, kwa mfano kundi la watu waliosongamana, kwenye baadhi ya miteremko mikali. Ngazi ya 3 inasema mtu mmoja tu wa skii anatosha, kwenye miteremko mikali iliyotajwa. Ngazi ya 4 inasema mtu mmoja anatosha na kuna uwezekano mkubwa atavunja, kwenye miteremko mikali mingi. Kwa lugha ya taarifa hizo, "mkali" ni kuanzia digrii 30.

Kwa hiyo namba 3, kwa mtu anayetembea, ndiyo ngazi ya kwanza ambamo mguu wake peke yake unahesabiwa. Hapo hakuna cha katikati.

Na namba ndiyo sehemu fupi kuliko zote za taarifa hiyo. Chini yake kuna mchoro unaoonyesha miteremko inayotazama wapi ndiyo mibaya na kuanzia mwinuko gani, na kuna maelezo ya tatizo lenyewe: theluji mpya, theluji iliyobebwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani, theluji iliyolowa, au theluji inayoteleza yote hadi ardhini. Mwulize mwanao tatizo la siku ni lipi. Akishindwa kujibu, basi hajasoma taarifa, ametazama namba tu. Na kati ya hayo matano, ninaloliogopa mimi ni tabaka dhaifu la zamani. Bamba la upepo lina dalili machoni: mawimbi kwenye uso wa theluji, vilima vilivyoning'inia kwenye vigongo. Tabaka la zamani limefunikwa, juu pametulia, na linaweza kudumu wiki kadhaa. Hilo huwaua hata waongozaji wa kazi. Siku ambazo taarifa inalitaja, hakuna ujanja wa kuliona kutoka juu. Unabaki na mteremko usio mkali, basi.

Hapo kwenye ukali wa mteremko ndipo mwanao ana mamlaka kamili. Hali ya theluji hubadilika na hata wataalamu huikadiria tu. Mwinamo haubadiliki, na unapimika akiwa bado mezani. Bamba karibu kila mara huteleza kati ya digrii 30 na 45, na zaidi kati ya 35 na 40. Taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN, ina ramani ya bure kwenye intaneti inayopaka rangi miteremko: manjano ni digrii 30 hadi 35, chungwa 35 hadi 40, nyekundu 40 hadi 45, zambarau zaidi ya hapo. Palipobaki bila rangi ni chini ya 30. Kwa mtu wa msimu wa kwanza, siku ya namba 3, kanuni yangu ni fupi na sina nia ya kuilegeza: njia nzima ipite pasipo na rangi.

Lakini ramani isomwe na kilicho juu pia. Unaweza kutembea kwenye tambarare na kulivunja bamba la mteremko ulio juu yako, maana ule ufa unaokimbia chini ya theluji haujali kwamba wewe uko bondeni. Ukifika penye mwinamo, bamba linashuka. Kutembea kwenye uwanda mpana ni tofauti na kutembea chini ya ukuta mwekundu. Na kuna mahali ambapo hata poromoko dogo linaua: mkondo mwembamba, shimo la kijito, ukingo wenye jabali chini. Theluji ndogo ikirundikana kwenye korongo inafika kina cha mita tatu. Nikiwa ndiye ninayempangia mwanao, safari za mwanzo ningezipeleka kwenye nyanda za juu za Vercors, ambako ardhi ni pana na misitu inasaidia. Marafiki zake watasema ni pa kuchosha. Wacha waseme.

Dalili za siku yenyewe ni chache na hazihitaji shahada. Theluji ikitoa mlio mzito chini ya miguu, kama vumm, ni tabaka dhaifu limebonyea. Anayeusikia na kuendelea kupanda mteremko mkali hana wa kumlaumu. Ufa unaokimbia mbele ya skii ni habari hiyohiyo. Maporomoko mapya yanayoonekana upande wa pili wa bonde kwenye miteremko inayofanana na wako ni habari kubwa kuliko zote, na watu huyapiga picha kisha wanaendelea. Joto la ghafla, mvua juu ya theluji, upepo unaopeperusha vumbi jeupe kwenye vigongo: vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye kile ambacho hakuna kifaa kinachokipima, na ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kuhusu kijana wa Goma kuliko theluji yenyewe.

Atakuwa na vijana waliovaa skii tangu wana miaka minne. Yeye ameazima skii, viatu vinambana, anaanguka mara kwa mara, anawachelewesha, na anajua anawachelewesha. Mtu wa hali hiyo hasemi "mteremko huu siupendi." Anashukuru kwamba wamemchukua. Ukiongeza na malezi yetu, kwamba aliyekutangulia kwa umri au kwa ujuzi hapingwi mbele za watu, unapata kijana atakayemfuata mkubwa wa kundi hadi mahali popote. Na yule mkubwa naye mara nyingi si mwongozaji. Ni mwanafunzi mwenzao aliyeanza mapema, aliyepita pale mwaka jana pasitokee kitu. Mtafiti wa Marekani, Ian McCammon, alichambua mamia ya ajali za nchi yake akakuta mitego ileile inajirudia: mahali panapofahamika, nia iliyokwisha kutangazwa, kutaka kuonekana, kumwachia anayedhaniwa mjuzi, kugombania theluji isiyoguswa, na kutulizwa na kuwaona wengine. Kujifunza darasani hakukuwakinga sana watu na mitego hiyo.

Kwa hiyo mwombe jambo moja, na akubaliane nalo na wenzake mjini, kabla hawajapanda gari: neno la mmoja akisema turudi, wote wanarudi, na haulizwi sababu. Likisemwa kule juu kwa mara ya kwanza, kwenye upepo, mbele ya mteremko waliousafiria kwa muda wa saa tatu, halisikiki. Kundi likikataa sharti hilo, hapo ndipo ungemkataza, Mama, na mimi ningekuunga mkono.

Tena wasipite mteremko wa mashaka wote kwa pamoja. Mmoja anapita, wengine wanamtazama kutoka mahali salama. Uzito unapungua, na likitokea la kutokea wanabaki watu wa kuchimba.

Maana wa kuchimba ni wao. Sikiliza hesabu hii: aliyefukiwa kabisa, akitolewa ndani ya dakika 10, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wanapona. Ikifika nusu saa, amebaki takriban mmoja kati ya watatu. Wengi wanakufa kwa kukosa hewa. Wengine, wapatao robo, kwa kugongwa na miti na mawe njiani. Theluji iliyosimama baada ya kuporomoka inashindiliwa hapohapo, aliye ndani hawezi hata kuinua kidole. Waokoaji wa mlimani wa Ufaransa, wale wa jandarmeri na wa polisi wanaopokezana, ni mahodari na wana helikopta. Wataitwa kwa 112. Lakini helikopta haiwezi kuahidi dakika 10. Aliye karibu ni yule aliyekuwa anacheka naye asubuhi.

Kila mmoja, bila kumwacha hata mmoja, awe na vitu vitatu. Cha kwanza ni kifaa cha kutafutana, Wafaransa wanakiita DVA, kinachovaliwa mwilini na kutuma ishara kwa masafa ya kilohezi 457, masafa yaleyale kwa viwanda vyote. Cha pili ni sonda, ufito mrefu unaokunjwa, wa kuchoma theluji hadi umguse mtu. Cha tatu ni beleshi la chuma chepesi. La plastiki linapinda au kuvunjika kwenye theluji iliyoshindiliwa. Maduka ya Grenoble yanakodisha vyote. Mwenye DVA bila beleshi anajua rafiki yake amelala wapi na hawezi kumfikia. Na mwenye vyote asiyewahi kufanya mazoezi atatumia hizo dakika 10 kusoma vitufe. Wafanye zoezi bustanini: mmoja afukie kifaa ndani ya mfuko, mwingine akitafute huku wanamhesabia muda. ANENA na klabu za wapanda milima wana mafunzo ya wanaoanza. Ukitaka kumtumia fedha ya Krismasi, itume kwa ajili hiyo. Kuna pia mikoba yenye maputo yanayofumuka kumweka mtu juu ya theluji inayotembea. Inasaidia, ni ghali, na haimsaidii mtu aliyegongwa na mti. Mwaka wa kwanza siiweki kwenye orodha.

Utakapompigia, usimwulize kama ni salama, atakujibu ndiyo. Mwulize sehemu iliyo kali kuliko zote kwenye njia yao ina digrii ngapi na inatazama wapi. Kuna nini juu yake? Mpango wa pili ni upi kama wakifika na kukuta upepo umefanya kazi usiku? Saa ngapi wanageuka hata kama kilele kimebaki hatua mia? Akikujibu bila kutafuta maneno, basi amejiandaa kuliko nusu ya watu atakaokutana nao huko. Akianza kukuambia "wenzangu wanajua," umeshapata jibu lako.

Na upige simu siku ya kuamkia safari, baada ya taarifa kutoka: saa kumi jioni kwao, saa kumi na moja kwetu. Siku yenyewe usimpigie. Simu inavuruga kile kifaa cha kutafutana. Inatakiwa izimwe au iwekwe hali ya ndegeni, angalau sentimita 20 mbali nacho, na 50 wakati wa kumtafuta mtu. Mwambie atume ujumbe akifika kwenye gari, na mwafikiane saa ya mwisho ya kuupata. Aache pia kwa mtu mmoja wa bwenini karatasi yenye njia waliyopanga, majina ya waliokwenda na saa hiyohiyo, ili ikipita kimya mtu huyo apige 112 kutoka hukohuko, wewe usianze kutafuta namba za Ufaransa ukiwa Himbi usiku.